Siku Kamene Alipoazima Watoto

Jua halijachomoza Kiandutu, mtaa wa mabanda mjini Thika, na Kamene tayari ana watoto watatu. Mmoja yuko mgongoni, amefungwa kwa leso. Wa pili amelala begani na hataki kabisa kusikia habari za kuamka. Wa tatu ameng'ang'ania sketi yake na anamfuata kutoka jikoni hadi mlangoni, mdomo umejaa mkate.

Mama wa nne anafika mbio, viatu mkononi. Lori la wachumaji kahawa linapiga honi barabarani.

"Susu, amekunywa maziwa lakini hajalala. Usiku mzima ni kukohoa tu."

"Mlete hapa. Wewe kimbia, utaachwa," Kamene anajibu, na mkono wake uliobaki umeshampokea mtoto.

Susu ni nyanya kwa Kikamba. Hapa wanamwita hivyo watoto wa Kikuyu, wa Kiluhya, wa kila kabila, na mama zao pia. Jina lake kamili ni Kamene Muoki. Ana miaka hamsini na sita, magoti yanayolalamika kila asubuhi, na chumba kimoja cha mabati ambamo watoto kumi na tisa hushinda mchana kutwa huku mama zao wakihangaika vibaruani.

Kazi hii hakuiomba. Alipotoka Yatta na kuja Thika alikuwa akitembeza sukuma wiki kwenye ploti za vyumba vya kupanga, kikapu kichwani. Katika ploti moja, kila alipopita aliona vidole vitatu vidogo vimechomoza chini ya mlango uliofungwa kwa kufuli.

"Mama yake alikuwa ameenda kufua nguo za watu," anasimulia. "Nikaweka kikapu chini, nikakaa. Nikavishika vile vidole. Tukaongea hivyo, yeye ndani, mimi nje. Kesho yake nikarudi. Sukuma ikaninyaukia wiki nzima."

Siku moja yule mama alirudi mapema akamkuta ameketi mlangoni pake. Kamene alidhani atatukanwa. Badala yake mama yule akamwambia, "Kama ni kukaa, si ukae naye ndani?" Akampa ufunguo.

Hiyo ni miaka kumi na mmoja iliyopita. Mtoto yule, Bridget, sasa anamzidi Kamene kwa urefu.

Malipo ni shilingi sitini kwa siku, uji na chakula cha mchana vikiwemo. Asiyekuwa nazo huambiwa alete akipata. Wengine huleta, wengine huhama na deni lao.

"Nitafanya nini?" anauliza Kamene. "Nikimkataa mtoto, si atafungiwa tu?"

Kwa miaka hiyo yote aliweka akiba kidogo kidogo. Alinunua magodoro manne mazuri na vifuniko vyake vya plastiki. Akanunua mtungi wa gesi ili moshi usiwasumbue watoto vifua. Akanunua viti vidogo vya rangi rangi, na sanduku la vikaragosi vya mtumba. Ukiingia kwake mchana utawakuta watoto wamelala safu moja, safi, pua zimefutwa. Hakuna aliyemfundisha. Anapenda tu kazi yake, na mapenzi hayo yanaonekana hata kwa namna anavyokunja blanketi.

Machi mwaka huu, mwenye ploti alitangaza kwamba anabomoa vyumba vya mabati ili ajenge ghorofa. Wapangaji walipewa hadi mwisho wa Septemba.

Kamene alizunguka hadi akapata nyumba pembeni mwa Makongeni, huko huko Thika: vyumba viwili, choo cha ndani, mfereji na kiwanja kidogo chenye ua. Amana, sakafu mpya na marekebisho mengine yangefika shilingi laki moja na nusu. Alipotajiwa kiasi hicho alimshukuru mwenye nyumba kwa adabu, akaenda zake.

Wazazi walianza kumuuliza watapeleka wapi watoto. Akasikia kwamba wawili kati yao wameshanunua kufuli, na usiku huo, anasema, alilia hadi mto ukalowa.

Kule Gatongora, Ruiru, kulikuwa na vijana tisa wenye shida nyingine kabisa. Hawakujua wapeleke wapi pesa zao.

Si matajiri. Kuna kinyozi, kuna wa bodaboda, kuna mwalimu wa chekechea, na hakuna aliyefikisha miaka thelathini. Lynn Mumbi, mwenyekiti wao, huuza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi Makongeni. Kila wiki kila mmoja hutoa shilingi mia mbili.

"Tulikuwa tumezoea kuchanga," anasema Lynn. "Mtu akifa, tunachanga. Akioa, tunachanga. Akilazwa hosi, tunachanga. Na si vibaya. Lakini tukajiuliza, kwani pesa yetu lazima ingoje mtu aanguke ndio itoke?"

Wakaamua kutafuta watu wenye kazi inayojilipa na inayomfaa jirani, wawatilie mtaji, warudishiwe polepole na faida kidogo juu, kisha pesa hizo ziende kwa mwingine. Wa kwanza alikuwa kijana wa Ruiru anayetengeneza viti vya magurudumu vya walemavu. Alimaliza kulipa mwezi wa nne, na kikapu chao kikajaa tena.

Habari za Kamene zilimfikia Lynn kupitia mama mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha mbele ya duka. Lynn alimuuliza mtoto wake hushinda wapi. "Kwa Susu," yule mama akajibu kwa majivuno. "Analala kwa godoro, dadangu. Hata baba yake nyumbani hana godoro kama hilo."

Lynn akatuma ujumbe: Jumamosi tunakuja kukuona.

Hapa ndipo Kamene alipoharibu mambo.

Mwaka juzi wageni wengine walikuwa wamepita mtaani na gari kubwa na kamera. Waliingia kwake, wakaona watoto wamelala vizuri, wakamwambia, "Mama, wewe uko sawa." Wakaenda nyumba ya pili, ambako watoto walikuwa wakilalia magunia, wakaacha blanketi na unga. Kamene hakumwonea jirani wivu. Alijifunza tu somo lake.

Kwa hiyo Ijumaa jioni alibeba magodoro yote akayapeleka chumbani kwa Ngina, jirani yake. Mtungi wa gesi ukafuata, na viti, na sanduku la vikaragosi. Akatandika magunia. Jumamosi asubuhi akawavua watoto sweta na kuwavisha zile kuukuu alizokuwa akifanyia matambara.

Bado hakuridhika. Watu huazima chumvi. Huazima panga, huazima kiti mgeni akija. Kamene aliazima watoto. Alipita mlango kwa mlango akakusanya kumi na mmoja wa jirani, akawajaza chumbani pamoja na wake, wakabanana hadi pa kuweka mguu pakakosekana.

"Nilijua sasa hawawezi kunipita," anakumbuka huku akijifunika uso kwa leso, anacheka na kuona aibu kwa pamoja.

Vijana walifika wanne. Walisimama mlangoni wakatazamana. Gachau, mweka hazina, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye mabega mapana na maneno machache, alimnong'oneza Lynn, "Hii si ile story uliambiwa. Godoro iko wapi? Tuishie."

Lynn hakutaka kuondoka kwa fedheha. Akainama karibu na mvulana mmoja aliyekuwa mbele, akamuuliza Kamene, "Na huyu anaitwa nani?"

Kamene alifungua mdomo. Huyu ni mwanamke anayewajua watoto wake kwa kilio tu, hata akiwa nje anaanika nguo. Alimtazama mvulana, akababaika, akasema, "Huyu ni... Brayo."

"Mimi si Brayo," mvulana akasema. "Mimi ni Nzioki. Mama alisema nikikaa hapa nitapewa soda."

Kamene akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa.

"Wuui! Wanangu, nimewadanganya. Huyu si wangu. Na yule si wangu, na wale wawili pale. Nilidhani mkiona niko sawa mtanipita."

Akaanza kulia. Watoto kumi na tisa walio wake hawakuwa wamewahi kumwona akilia, nao wakaangua kilio. Wale wa kuazimwa wakaona heri wajiunge.

Ngina ndiye aliyeokoa siku. Alifungua mlango wa chumba chake, akaanza kutoa magodoro moja moja. Watoto wa Kamene walipoyaona, kilio kikakatika. Kabla hata hayajafika sakafuni, wadogo walikuwa wameshayapanda, kila mmoja pahali pake, na wawili wakajilaza papo hapo kana kwamba hakukuwa na wageni.

Lynn anasema alilazimika kutoka nje kidogo. "Nilikuwa naskia kulia, manze. Huyu mama alificha kitu ile tu ilituleta."

Lakini Gachau hakuguswa. Kikundi kilipokutana Gatongora Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, alisimama akasema alichokuwa nacho moyoni. Kamene mwenyewe alikuwepo, amevaa gauni lake la ibada, mkoba mapajani.

"Sina ubaya na wewe, shosho," Gachau alimwambia, kwani huko Gatongora nyanya ni shosho. "Lakini mtu akificha godoro leo, kesho ataficha hesabu. Na hizi pesa ni jasho la watu."

Hakuna aliyembishia, kwa sababu hakuwa amekosea.

Wakamuuliza Kamene kama ana la kusema. Alisimama. "Mimi nilifundishwa kuomba misaada," akasema. "Sijawahi kuulizwa kazi yangu ikoje. Kama kuna njia nyingine, nionyesheni. Nitajifunza."

Kura zilikuwa tano kwa nne, Kamene akapita. Walikubaliana kumtilia ile laki moja na nusu ya nyumba ya Makongeni, naye atarudisha shilingi elfu nne na mia tano kila mwezi, na sehemu ndogo ya faida, kwani nyumba kubwa itachukua watoto zaidi na Ngina atakuja kumsaidia. Malipo ya sitini hayatapanda kwa miaka miwili. Gachau, aliyepiga kura ya kukataa, aliongeza sharti lake: atakuwa akija kukagua siku yoyote, bila kubisha hodi.

Na alikuja. Jumamosi ya kwanza alihesabu magodoro, akachungulia sufuria ya uji, akaondoka hajacheka hata kidogo. Jumamosi ya pili mtoto mmoja alimkimbilia akamkumbatia mguu, naye hakujua amfanyeje. Ya tatu Kamene alikuwa na uji motoni na mtoto mchanga wa miezi saba analia, akamtwika Gachau mikononi bila kuomba ruhusa.

"Shika kidogo."

Kidogo hicho kilikuwa saa mbili. Mtoto alilala kifuani pake, na Gachau hakuthubutu kujitikisa. Kinyozi wa kikundi, aliyekuja kumtafuta, alimpiga picha ambayo sasa iko kwenye simu za wenzake wote wanane, na hawamwachi apumue.

"Ukaguzi unaendelea," ndivyo Gachau anavyojibu.

Anapoulizwa kama angebadilisha kura yake, anatikisa kichwa. "Ile siku nilipiga kura poa. Lakini nilikuwa namjua shosho wa ile siku tu."

Mwisho wa mwezi huu watoto watahamia Makongeni. Sakafu imekauka, choo kinafanya kazi, na wale mama wawili wa kufuli wameahidiwa nafasi. Kilichobaki ni ukuta mmoja. Ule unaotazama barabara hauna dirisha, na mwenye nyumba amekubali litobolewe. Vyuma Gachau anatengeneza mwenyewe, na hataki kuulizwa bei.

Jumamosi hii amekuja na tepu na chaki. Anaweka alama kwenye urefu wa kifua chake, pale madirisha yote huanzia. Kamene anaifuta kwa kiganja. Anamwita mmoja wa watoto aliokuja nao, anamsimamisha ukutani, anachora mstari chini ya kidevu chake.

"Hapo?" Gachau anashangaa. "Ai, shosho, hiyo ni dirisha ama ni mlango wa kuku? Wezi watatucheka."

"Weka vyuma vizuri, wezi wacheke wakiwa nje."

Kisha anamweleza, na sauti yake inashuka. Kila jioni mlango ukibishwa, watoto wote husimama. Anaingia mama mmoja, anachukua wake. Wengine wanaketi tena.

"Hiyo kuketi tena ndiyo huniumiza, mwanangu. Miaka yote hii sijaizoea. Nataka kila mmoja aone barabara. Amwone mama yake akitoka kule mbali, aanze kufurahi mapema."

Gachau anapiga magoti kwenye sakafu mpya, anaufuta mstari wa Kamene, na kuchora mwingine, chini zaidi.

"Na wale hawajajua kusimama?" anasema. "Hawa pia wako na mama."