Kipande cha Xaveria Mferejini

Tangu afiwe na mumewe, Xaveria wa Kamuli alizibua peke yake kipande chao cha mfereji. Kila kiangazi aliingia majini, akakata mafunjo na kutupa matope ukingoni hadi mgongo ukagoma kunyooka. Hakuipenda kazi hiyo. Lakini maji yaliyopita hapo yalinywesha kitalu chake cha miche ya kahawa, na hakuwa na njia nyingine ya kujipatia riziki.

Mwaka 1953 Melkiory, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Bukoba, aliomba serikalini maji ya kipande hicho ili afyatulie matofali. Alijibiwa kwamba angepewa, mradi haki za waliokwisha kuyatumia zisiguswe. Kuwatambua watu hao kuliachwa kwa baraza la mkungu, yaani kiongozi wa kijiji; na desturi ya Kamuli ilisema kuwa anayezibua kipande ndiye mwenye maji yake.

Kiangazi hicho Xaveria alishikwa na homa. Melkiory akatuma vibarua wakazibua kipande chake. Mgonjwa alidhani ni wema, akashukuru.

“Shikamoo, mama,” Melkiory alisema barazani, mkungu alipoketi kuamua maji ni ya nani. “Sina ugomvi nawe. Lakini safari hii nani amezibua? Ni mimi.”

“Wewe, mwanangu? Viatu vyako hivyo vimelowa lini?”

Watu wakacheka. Xaveria hakucheka; alikuwa ameegemea nguzo, kwani hata kuketi wima kulimchosha.

Mkungu Rwezaura aliwaita vibarua. “Mchana mlikula wapi?”

“Kwa mama huyu. Ndizi na maharage.”

“Naye si alikuwa kitandani?”

“Jirani yake Deodatha ndiye aliyepika, mzee. Lakini chakula kilitoka shambani mwa mama, naye ndiye aliyeagiza.”

Melkiory akakunja uso. “Huo ni ukarimu tu. Mshahara nimelipa mimi.”

“Ungeuliza kwanza, bwana,” mkungu alisema. “Hapa kwetu, anayewalisha watu wa mferejini ndiye aliyewaita kazini. Hawa walimfanyia kazi Xaveria. Nitaandika kwamba maji ni yake, yasiguswe.”

Deodatha alipiga vigelegele. Xaveria alisubiri anyamaze, kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Na mwakani, mzee, nikiwa bado sina nguvu?”

Rwezaura alijibu, “Kipande kikibaki na matope, mama, sitakuwa na la kukutetea.”

Xaveria alirudi nyumbani polepole pamoja na Deodatha, akipitia mferejini. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, na udongo mpya ulioporomoka kutoka mlimani ulikuwa umejaa katika kipande chake karibu kufikia ukingo. Maji yalipenya kando kwa shida. Aliutazama udongo huo kwa muda mrefu. Kisha akavua kanga aliyovaa barazani, akaikunja vizuri juu ya jiwe, akamwomba Deodatha jembe.