Wimbo Ambao Baba Hakuutunga

Nikiri mapema kabla dada yangu hajanitangulia: wimbo ule baba hakuutunga. Nilijua hivyo kwa miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo nilikana, kanisani, mezani, na mara moja katika insha ya chuo kikuu yenye tanbihi ishirini na moja.

Wimbo wenyewe ni mfupi. Mwanamume amesimama nje ya nyumba ya mpenzi wake, anamwomba asimfungie mlango kwa kuwa amekuja kwa miguu kutoka mbali. Basi. Hatuambiwi hata kama mlango ulifunguliwa. Aliyeuimba kwanza ni Mmarekani mweusi, mwimbaji wa muziki wa soul, mwenye sauti ya mtu aliyetoka kulia sasa hivi na anataka ujue. Ulipoanza kusikika redioni, baba yangu alikuwa hajaota ndevu.

Mimi niliujua kama wimbo wa kanisa. Nilizaliwa kambini, magharibi mwa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Burundi, na baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Kwenye kwaya yetu aliyesimama nje alikuwa mwenye dhambi, na aliyekuwa ndani alikuwa Bwana. "Usinifungie mlango, nimekuja kwa miguu." Watu waliovuka mpaka kwa miguu hawakuhitaji kufafanuliwa. Kina mama walilia kwenye ubeti wa pili, kila Jumapili, kwa utaratibu, kana kwamba ubeti wa kwanza ulikuwa wa kutafutia leso. Na wote tulijua kwamba mwalimu ameutunga mwenyewe, kwa sababu mama alisema hivyo. Mama hakuwa mtu wa kubishiwa. Nyimbo za dunia hazikuingia nyumbani kwake. Mwanakwaya aliyekutwa akiziimba alisimamishwa miezi mitatu, na mama alihesabu hiyo miezi kwa vidole.

Kwa hiyo mnaweza kunielewa siku ile ghalani, upande wa kusini wa Louisville, mwaka wangu wa kwanza Marekani. Nilikuwa nabandika lebo kwenye maboksi. Redio ya msimamizi ikaanza kupiga wimbo wa baba, kwa Kiingereza, na hakuna Bwana humo ndani. Nikasimama. Maboksi yakanipita bila lebo. Mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Louisville, aliyefanya kazi pembeni yangu, aliuimba wote bila kukosea.

"Huo wimbo ni wa baba yangu," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule.

Akaniangalia kwa huruma. "Hata baba yangu alisema ni wake, mpenzi. Alimwimbia mama yangu. Kumbe mimi na wewe ni ndugu."

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikaenda chuo kikuu. Huko niliandika insha kuhusu nyimbo za kambini, na katika sehemu ya tatu nikadokeza, kwa lugha nzito, kwamba huenda sauti ya wimbo ule ilisafiri kutoka kambini kwetu kwenda Marekani. Ilisafirije, sikueleza. Mhadhiri wangu, mzee mpole, aliandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "Baba yako alikuwa na sikio zuri." Nilichukulia kuwa ni sifa kwa nadharia yangu.

Nikaanza kukusanya matoleo mengine, nikijiambia natafuta ushahidi. Kuna mwanamke aliyeuimba polepole sana, kana kwamba yeye ndiye aliye ndani na bado anafikiria. Kuna Mzungu mwenye kofia pana aliyeongeza fidla. Huyo unamsikia kabisa amekuja na farasi. Kuna la Kifaransa ambamo mwanamume haonekani kujali mlango ufunguliwe au ufungwe. Kisha nikaalikwa kwenye kanisa la Wakongo jirani zetu, nikaukuta huko pia, na magitaa matatu, unachezwa. Nikamwendea mama wa kwaya na kumwambia kwa upole kwamba wanaimba wimbo wa baba yangu.

"Bon, dada," akacheka, "ile wimbo ni ya pasta wa kwetu Uvira. Donc usitudanganye."

Nilikasirika wiki nzima, hasira ya mwizi aliyeibiwa.

Lakini niliyemwogopa alikuwa mama. Baba alifariki kabla hatujaondoka kambini, hakuacha shamba wala nyumba. Wimbo ule ndio uliokuwa urithi wa mama. Anaishi na kaka yangu mjini Kenmore, karibu na Buffalo, na hata huko, kwenye theluji inayofika dirishani, hujitambulisha kwa wageni kama mjane wa aliyetunga "Usinifungie Mlango". Nani amwambie kwamba marehemu aliingiza wimbo wa dunia madhabahuni, tena wa mtu mwingine?

Aliponitembelea Louisville nilikuwa mlinzi. Siku moja tukiwa dukani, wimbo ukaanza kwenye spika za darini, yule yule mwenye kulia. Nikapata kikohozi cha ghafla. Nikasukuma kitoroli hadi kwenye mafriza yanayonguruma sana, nikamwonyesha samaki wa kila aina. Mama alinunua samaki watatu.

Mwaka huu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Reynoldsburg, pale Columbus, alitangaza kwamba kwenye harusi yake ataingia ukumbini na wimbo aliougundua mtandaoni. "Mama mdogo, umefanana kabisa na wa babu!" akaniambia kwa furaha. Bibi yake angekaa meza ya mbele.

Dada yangu akanipigia dakika hiyo hiyo. "Wewe ndiye msomi. Mwambie mama."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi sikuandika tanbihi."

Nikampigia mama Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimejiandalia hoja kwenye karatasi.

"Mama, kuna jambo kuhusu baba."

"Amefufuka?"

Nikasoma karatasi yangu yote: mwimbaji wa kwanza, yule mwanamke, yule wa fidla, hadi pasta wa Uvira. Nilisema baba hakuwa na nia mbaya. Nilisema neno "muktadha" mara mbili. Upande wa pili nilisikia kifuniko cha sufuria tu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Baba yako alikuja kuniimbia huo wimbo nje ya ua wetu kule kambini, kwa Kiingereza, na hakujua hata neno moja. Aliusikia redioni. Babu yako akamfukuza, akasema anayeimba nyimbo za dunia haoi kwake. Wiki mbili baadaye akasimama kanisani, akauimba na maneno ya Mungu. Jicho lote kwangu. Na babu yako, mstari wa mbele, anasema Amina."

Nikakaa chini. "Kwa hiyo ulijua."

"Ningesema ili wamsimamishe kwaya? Na ule ubeti wa pili, unadhani alipewa na nani?"

Ubeti wa kina mama kulia. Miaka yote.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaandika huko chuoni. Nikasema, wasomi wamechunguza, mimi ni nani? Ila siku ya samaki uliniudhi. Nilitaka kuusikiliza hadi mwisho, wewe unanikokota kwenye baridi."

"Pole, mama."

"Mwambie mjukuu wangu aingie na wa Mmarekani, atoke na wa kwetu. Lakini nikuulize. Baba yako alitoka kijiji cha saba cha kambi hadi kwetu, kwenda na kurudi, na mvua. Huyo Mmarekani anasema naye amekuja kwa miguu. Wewe uliyekaa huko Louisville, umewahi kumwona Mmarekani anakwenda kwa mchumba kwa miguu?"

"Sijawahi."

"Basi wimbo ni wa nani?"

"Wa baba," nikasema.

"Na ubeti wa pili?"

"Wako, mama."

"Andika hivyo," akasema, akakata simu akageuze maharage.