Mwali anamsubiri mjomba, mjomba kashikwa na nyaya

Wiki chache zilizopita, asubuhi mjini Morogoro, kabla karani wa simu hajafika, Ahmadi bin Shomari amelala chali kwenye sakafu ya posta, kichwa kimezama ndani ya kabati, miguu imebaki nje. Kinachosikika ni koleo likigonga mbao, na mara kwa mara sauti ya mtu anayegombana na mwenzake asiyekuwepo.

"Na huu nao unakwenda wapi, Stambuli? Niambie, unakwenda wapi?"

Stambuli ndiye fundi aliyemtangulia. Alifuata kazi ya reli huko bara, akaacha kabati ambalo kila aliyelifungua alilifunga upesi. Nyaya zote zimevikwa pamba ya rangi moja, kijani kilichopauka. Zimepandana, zimefungana mafundo, na nyingine hazina mwanzo wala mwisho. Stambuli hakuwahi kuondoa waya hata mmoja. Ulipokufa mmoja, aliuacha palepale akapitisha mwingine juu yake.

Hakuwa mvivu, na hilo ndilo linalomchoma Ahmadi. "Alifanya makusudi. Aliniambia mwenyewe tukiwa tunakula: kabati likieleweka kwa kila mtu, wewe utakuwa wa nini? Nikacheka. Sikujua kwamba ananiandalia urithi."

Katikati ya fujo hiyo kuna kifaa chenyewe, kidogo tu, ambacho Ahmadi hukiita mpokezi. Habari ya telegrafu inayogongwa Dar es Salaam hufika Morogoro imechoka. Nguvu iliyobaki haitoshi kuifikisha Kilosa, ila inatosha kuamsha sumaku ya mpokezi. Sumaku huvuta ulimi mwembamba wa chuma, na ulimi ukivutwa hufungulia nguvu mpya kutoka kwenye betri zilizopangwa chini ya dirisha. Habari inaendelea na safari kana kwamba imezaliwa hapa.

"Mpokezi hana kosa," anasema Ahmadi, akijifuta vumbi usoni. "Nimemfungua, nimemsafisha, nimemfunga. Kosa liko kwenye nyaya zinazomfikia. Utamlaumuje mtu kwamba haitiki, na wewe hujui kama umemwita?"

Nyaya zikigusana, habari zinakwama. Hapo karani analazimika kuandika kila neno kwa mkono na kuligonga upya kwenda Kilosa, huku akimtupia Ahmadi jicho baya.

Yote hayo angeyavumilia kama si Asia.

Asia ni binti wa dada yake, Mwanaheri, anayeishi kwenye milima ya juu ya Mikese. Yumo ndani, mwali, tangu mavuno ya mwaka juzi. Wenzake walioingia naye wameshatolewa, wengine wameshaolewa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mwanaheri ana kaka mmoja tu. Asiposimama mlangoni huyo, Asia hatoki.

Ahmadi ameomba ruhusa mpaka aibu imemwisha. Bwana wa posta, Mdachi asiyependa maneno mengi, hajabadili jibu lake: siku kutakapokuwa na mtu wa pili anayelijua kabati, Ahmadi aende zake. Si jibu baya. Ahmadi anakiri kwamba angekuwa yeye bwana wa posta angesema hivyo hivyo, na ndiyo maana linamuudhi zaidi.

Salamu za dada huletwa na Shamsia, jirani yake Mwanaheri, anayeshuka na ndizi sokoni. Husimama nje ya dirisha la posta, mkungu ukiwa bado kichwani.

"Mwanaheri anasema mtoto amekuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Anauliza mpaka lini. Na kama umeshaoa hiyo simu, useme, atafute mjomba mwingine."

"Mwambie naja."

"Safari iliyopita nilimwambia hivyo. Nikatukanwa mimi."

Ahmadi alikuwa ameshanunua shanga za Asia za kuvaa siku ya kutoka: nyekundu, nyeupe, za buluu na za manjano. Zikalala sandukuni. Siku moja, akiwa amelala chini ya kabati na waya wa kijani katika kila mkono, akazikumbuka. Rangi alizokosa kwenye nyaya alikuwa nazo nyumbani. Kwa Asia angenunua nyingine.

Akaanza. Anachomoa waya, anamwuliza karani kama Kilosa bado wanasikia. Wakisikia, waya huo ulikuwa mfu, nje. Wasiposikia, anaurudisha na kuuvika shanga miisho yote miwili. Nyekundu ni wa betri, nyeupe wa Dar es Salaam, buluu wa Kilosa, manjano unaoshuka ardhini. Kikapu kizima cha nyaya za Stambuli kikatoka nje, na zilizobaki akazilaza pamoja, zimenyooka kama nywele zilizosukwa.

Mtu wa pili alishamchagua moyoni, bila kumwambia: Severini, mfagizi wa posta, mtu mzima mwenye mke, mzaliwa wa Mgeta. Alibatizwa karibuni na ana bidii kwa kila kitu. Hapo ndipo Ahmadi alipoponzeka.

Jumatatu alipofungua kabati hakukuta shanga hata moja. Zilikuwa kwenye kopo, zimeoshwa. Katika kuzivuta, Severini alikuwa ameng'oa nyaya kadhaa, akazirudisha palipokuwa na nafasi.

"Shikamoo, fundi," alisema Severini. "Nimekutolea zile hirizi. Padri angezisikia, ungekuwa taabuni wewe na mimi."

"Nilikaa chini," Ahmadi anasimulia. "Sikumpiga. Nilikaa tu pale sakafuni, nikamfikiria Mwanaheri, nikaona leo dada yangu ananilaani kwa haki."

Severini naye hakuona kosa lake, na hata sasa anajitetea. "Chombo kinaongea peke yake, hakuna mtu ndani, halafu kimefungwa shanga nyekundu. Wewe ungedhani nini?"

Kwa siku kadhaa hawakusemezana ila kwa salamu. Ahmadi alirudia kuchomoa na kuuliza, kuchomoa na kuuliza, karani akizidi kununa. Kisha, kengele ya misheni ilipolia mchana, alimwona Severini ameegemea ufagio, rozari mkononi.

"Hizo shanga zako zinafanya nini?" alimwuliza.

"Hazifanyi kitu. Kila punje inanikumbusha sala yake, nisipotee njiani."

Ahmadi alilileta lile kopo, akaliweka mbele yake. "Na hizi hazifanyi kitu. Kila moja inanikumbusha waya wake, nisipotee njiani. Mimi mwenyewe nina tasbihi nyumbani, bwana wee. Tungeulizana mapema tungepona wote."

Severini alilivuta kopo kwake. Akasema atazitunga yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ndipo roho yake itulie. Akatunga, kuanzia waya wa Dar es Salaam hadi unaoshuka ardhini, midomo ikicheza.

Tangu hapo Ahmadi ana karaha mpya. Severini amezijua nyaya zote, lakini anazijua kwa mfuatano. Ukimwuliza wa katikati, anaanza wa kwanza. Na hafungui mlango wa kabati kabla ya kufanya ishara ya msalaba.

"Nimemwomba aruke moja kwa moja kwenye ninaoutaka. Hawezi. Nimechoka," anasema Ahmadi, kisha anashusha pumzi. "Ila anafika."

Jana bwana wa posta alimtoa Ahmadi nje, akachomoa nyaya alizopenda, akamwita Severini. Kutoka barazani Ahmadi alisikia mnong'ono ukianza mwanzo kabisa, na kiatu cha bwana kikigonga sakafu kwa kukosa subira. Kikanyamaza kiatu. Ukaanza kugonga ulimi wa mpokezi, na Kilosa wakajibu. Ruhusa ikatolewa papo hapo, bila pongezi kwa yeyote.

Alipoulizwa kama haogopi kurudi na kumkuta mwenzake ameshika kazi yake, kama Stambuli alivyomwonya, Ahmadi hakuficha. "Naogopa. Nikimkuta kwenye nafasi yangu nitajua nilimfundisha vyema, na nitakasirika sana."

Kesho anapanda mlima na shanga mpya. Anachowaza sasa ni mlango wa nyumba ya dada yake.

"Alipoingia alikuwa ananifika kifuani. Sijui atakayetoka atakuwa nani," anasema. "Lakini akitoka, akafumba macho kwa mwanga, akayafumbua, nataka mtu wa kwanza kumwona niwe mimi. Halafu anigombeze, yeye na mama yake. Nitasimama pale pale mpaka wamalize."