Aliyeitikia Mlangoni

Rao Shufen wa Chongqing hakuwa mtu wa kuogopa wafu. Aliogopa kuwapoteza. Kwa miaka mingi yeye na mumewe, Jian, walikuwa wakipangisha wasafiri chumba kimoja katika nyumba yao kuukuu, juu ya ngazi zinazoteremka hadi mto Jialing. Kilikuwa chumba cha mtoto wao wa pekee, Kunkun, aliyekwenda kuogelea mtoni akiwa na miaka kumi na tisa na asirudi. Mto ulirudisha kandambili moja tu.

Sasa nyumba ilikuwa ibomolewe. Alama nyekundu ilishapakwa ukutani, na majirani walishahamia ng'ambo ya mto, kwenye maghorofa. Wenzake walilalamikia lifti. Shufen alikuwa na lake: Kunkun alijua mlango huu mmoja tu. Siku akipanda ngazi zile akakuta vifusi, ataenda wapi?

Dawa aliijua, kama kila mama wa pale. Mtoto akishtuka, roho yake ikabaki njiani, mama huchukua nguo yake, huenda mpaka pale aliposhtukia, kisha hurudi nyumbani akimwita kwa jina. Aliye ndani huitikia kwa niaba ya mtoto: "Nimerudi!" Asipokuwepo wa kuitikia, roho hubaki nje ya mlango. Wa kuitikia alikuwa Jian, na Jian alikaza shingo.

"Anaitwa aliye hai," alisema, akikoroga tambi zake za pilipili. "Mfu haitwi. Mwache."

"Maiti umeiona wewe?"

"Kula bwana," Jian alijibu, "tambi zinapoa."

Tangu msiba ule hakuwahi kulitamka jina la mwanawe. Shufen alimchukia kwa hilo, chuki ya kimyakimya, huku akimfulia na kumpikia.

Mgeni wao wa mwisho alikuwa Anselmo, kijana kutoka Bolivia, aliyekuja kuona taa za mtoni na treni inayopita katikati ya jengo. Alisema atakaa siku chache, akanogewa, mwezi ukakatika. Kila jioni pilipili ilimtoa machozi, na kila jioni aliomba aongezewe.

"Kwangu anayeingia kimya ni mwizi au mzuka," Shufen alimwambia siku ya kwanza. "Wewe ni yupi?"

"Mimi njaa, shangazi."

"Basi ukifika mlangoni sema 'nimerudi', upate chakula."

Kuanzia hapo, jioni neno lile liliposikika ngazini, moyo wa Shufen uliruka kabla hajakumbuka ni nani. Alijua anajidanganya, na alipenda.

Siku ya kuhamia ghorofani ng'ambo, Anselmo alijitolea kubeba mizigo. Kazi ilipokuwa inaisha, Shufen alichomoa shati la bluu la Kunkun kwenye sanduku, akaondoka bila kuaga. Alivuka daraja mpaka pale mtoni Kunkun alipoogelea. Ukungu ulikuwa umeshuka, maji hayaonekani, yanasikika tu.

"Kunkun! Twende nyumbani!"

Alirudi akiita, watu wakimpisha darajani bila kumuuliza kitu. Lifti hakuipanda; aliogopa milango itamfungia Kunkun nje. Alipanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, akimwonyesha njia.

"Hapa kata kushoto, mwanangu. Angalia, pana ndoo."

Alipofika mlango mpya pumzi ilikuwa imemwishia.

"Kunkun, umerudi?"

Alimsikia Jian akikohoa ndani. Akaita tena.

"Nimerudi!"

Neno lilitoka jikoni, kwa matamshi ya kigeni. Anselmo alifungua mlango akicheka, bakuli mkononi, kama mwanafunzi aliyekumbuka somo lake.

Shufen aliketi sakafuni pale pale koridoni.

"Nimemkabidhi kwa mpita njia!" alilia. "Kesho huyu anapanda ndege, na mwanangu atamfuata huko nisikokujua!"

Anselmo hakuelewa. Alisimama akiomba radhi kwa kosa asilolijua, mpaka Jian alipotoka, akamsogeza taratibu, akachutama mbele ya mkewe.

"Unaniona nina moyo wa jiwe," alisema. "Umesahau simu? Nilipopokea, watu waliuliza ni baba au ni mwana. Hata wewe ulikuwa unauliza. Nikikuitikia utamsikia yeye. Na mimi nitamsikia. Hata kuimba bafuni nimeacha tangu siku ile, hukuona?"

Hakuwa ameona. Aliona aibu, na chuki aliyoilea miaka yote ikakosa pa kukaa.

"Itikia," alimwambia. "Mara moja tu, baba Kunkun."

Jian aliingia ndani, akamketisha mgeni, akarudisha mlango. Shufen alishuka tena mpaka mtoni na shati lile. Alirudi akiita, darajani, ngazini, kila kona. Mlangoni aliuliza tena.

"Kunkun, umerudi?"

"Nimerudi, mama."

Ilikuwa sauti ya Kunkun. Ile ile ya siku aliyotoka na taulo shingoni, ila imekuwa nzito kidogo, kama ambavyo ingekuwa sasa, angekuwa mtu mzima. Shufen alishika kitasa. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Akasimama hapo, shati kifuani, akiogopa kuusukuma, kwa sababu akiingia atamkuta Jian.