Milkabai na Kiti cha Kumi

Kisa hiki hamtakiamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo kuna siku nakitilia shaka, na mimi si mtu wa kudanganyika kirahisi: nimesoma hadi darasa la saba, na la nane nililichungulia dirishani mwaka mzima. Ninaandika kwenye meza ya dada yangu, Milkabai Charikar, hapa Thane. Mwenyewe yuko jikoni anachagua dengu, na miwani yake nimeifunika kwa daftari hili. Kwa hiyo nina nafasi ya kusema ukweli kwa ukubwa unaoustahili.

Milkabai ana miaka sabini na mmoja. Thelathini na minne kati ya hiyo aliimaliza akifundisha jiografia shule ya manispaa, na hadi leo hakuna mtu mzima wa mtaa huu anayepita mbele ya ramani bila kunyoosha mgongo. Ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuacha idadi ipite bila kukaguliwa. Ukimwambia harusini walikuja watu elfu, atakuuliza majina. Marehemu mume wake aliwahi kumwambia kwamba anampenda mara mia kuliko jana, akaulizwa jana ilikuwa kiasi gani.

Kila Desemba sisi Wayahudi wa Thane, Mumbai, Pune na Alibag tunapanda Lonavala, mji wa milimani, kwenye nyumba ya wageni isiyopika nyama, tukajifunze kwa siku tatu. Mtindo wa huko ni kwamba kila mtu ni mwalimu na kila mtu ni mwanafunzi. Aliyekufundisha sheria za Sabato asubuhi, mchana utamkuta kwenye kiti cha plastiki anafundishwa na fundi cherehani habari za makaburi ya kale, naye anaandika. Milkabai, kwa miaka kumi na tisa, amefundisha somo moja: malida. Yaani lile sinia la pepeta, mchele uliopondwa bapa, iliyochanganywa na nazi ya kukuna, sukari, iliki na zabibu, na matunda matano juu yake, tunalomwekea Nabii Eliya tukiwa na nadhiri, mtoto, harusi au shukrani tu. Wapo wanaosema pepeta haihitaji miaka kumi na tisa. Wanayasema hayo wakiwa mbali naye.

Mwaka jana kamati ikatunga kanuni kwamba darasa lisilofikisha watu kumi litafutwa kwenye ratiba ya mwaka unaofuata. Halafu, kwa akili zao, wakampanga Milkabai saa nne asubuhi, saa ileile ya Daktari Rozental, mgeni kutoka ng'ambo aliyekuja na picha za kumulika ukutani na somo linaloitwa “Mlikotoka”. Basi mkutano mzima ukahamia ukumbi mkubwa, kwenda kuambiwa tulikotoka na mtu aliyefika Jumanne. Milkabai akapewa chumba kidogo upande wa vyoo.

Hakulalamika. Lakini asubuhi ile nilimkuta anakuna nazi bila kuzihesabu, jambo ambalo sikuliona hata siku tulipomzika shemeji. Nikamtania kwamba labda nazi zimejihesabu zenyewe. Hakucheka. Aliniambia mabinti zake wote wawili wako Israeli, na hapa nyumbani vijana wananunua pepeta ya pakiti iliyokwisha kuchanganywa, wanasali mbio mbio wakitazama simu. Somo likifutwa, alisema, hatapanda tena Lonavala, maana yeye kukaa kimya akisikiliza hakuwezi. Na sinia litakaa kabatini.

Saa nne ikafika. Milkabai akaweka sinia mezani, na kando yake kiti chenye kitambaa cheupe, kiti cha Nabii Eliya, kama afanyavyo kila mwaka. Kisha akageuka kuwatazama wanafunzi wake. Mstari wa mbele alikaa Segulabai Aptekar, bibi wa miaka tisini asiyekosa malida hata akiwa na homa. Nyuma yake majirani watano wa jengo letu, waliokuja kwa sababu wanamwogopa. Kulikuwa na bwana mmoja wa Pune aliyekosea mlango akaona haya kutoka. Kulikuwa na Gajanan, mpishi wa nyumba ya wageni, ambaye si Myahudi, ila alitaka kujua nazi zake tatu zimekwenda wapi. Na nyuma kabisa alikuwepo kaka yake mdogo Milkabai, yaani mwenye kalamu hii, ambaye alikuwa amefumba macho akitafakari.

Alifundisha kama ana watu mia nne. Alieleza kwa nini tende haikosekani, na kwa nini pepeta inaloweshwa kwa viganja vya maji wala si kwa kikombe. Gajanan akauliza maswali mazuri kuliko sisi wote. Hapo ndipo mlango ukafunguka, akaingia katibu wa kamati na karatasi yake: Hayim Aptekar, mstaafu wa benki, mtoto wa huyohuyo Segulabai, na zamani mwanafunzi wa Milkabai aliyewahi kuuweka mto wetu Godavari nchini China.

Sisi hatuhesabu watu kwa namba. Ni kuwaitia mkosi. Tuna aya ya Zaburi yenye maneno kumi, na kila kichwa kinapewa neno lake. Mwenye akili hupima kwanza kwa macho, kimya kimya, akiona wanatosha ndipo anafungua mdomo. Hayim hakupima. Aliianza aya kwa sauti, na maringo yote ya kaunta ya benki, kidole mbele. Segulabai neno. Majirani neno, neno, neno. Alipofika kwangu akasita, akauliza kama anayekoroma anahesabika. Milkabai akamjibu kwamba darasani kwake yeye Hayim alikoroma miaka mitatu na alihesabiwa. Basi nikapata neno la tisa.

Na vichwa vikaishia hapo. Neno la kumi likabaki mdomoni mwa Hayim kama kipande cha moto. Akashusha karatasi.

“Mwalimu, nasikitika. Aya imeniishia njiani.”

“Haijaisha,” alisema Milkabai. “Umeikata. Neno takatifu unaliacha linaning'inia kama soksi kwenye kamba?”

“Sasa nilitue wapi? Hakuna kichwa.”

“Na kile kiti ni cha nani?”

Hayim akatazama kitambaa cheupe. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo. Alisema kwa upole wa kiofisi kwamba kanuni inataka watu waliohudhuria, na kwenye kiti kile, kwa heshima zote, hamna mtu.

Hata Gajanan, ambaye Nabii si wake, alimtazama Hayim kwa masikitiko. Ndipo Segulabai, bila kugeuza shingo, akasema na mwanawe.

“Hayim, wewe ulipozaliwa uligoma kunyonya siku mbili. Daktari alishakukatia tamaa. Nani nilimwekea sinia?”

“Mama, hapa ni kazi.”

“Nimekuuliza nani.”

“Nabii Eliya, mama.”

“Alikuja, hakuja?”

Ungemwona Hayim: miaka sitini na mitatu, kalamu mfukoni, kitambi cha pensheni, kasimama kama mtoto aliyevunja chungu. Akisema Nabii hakuja, anamkana mama yake mbele ya majirani, na yeye mwenyewe hana sababu ya kuwa hai. Akisema alikuja, kamati itamuuliza sahihi ya mtu wa kumi iko wapi.

Alisogea taratibu hadi kwenye kiti. Akanyoosha kidole, akakirudisha, akaona si adabu kumnyooshea Nabii kidole, akainamisha kichwa badala yake. Akalitamka neno la kumi. Kisha akaandika kwenye karatasi: wametimia. Milkabai hakusema asante. Alimkabidhi tu bakuli la kwanza la malida, limejaa hadi pepeta inamwagika. Hayim alikula amesimama, na akaomba la pili.

Ratiba ya mwaka huu imetoka jana. Saa nne, Milkabai Charikar, malida. Ninayo hapa.

Lakini hayo ni madogo. Sasa ndipo harufu ya iliki ilipotoka chini ya mlango, ikazunguka kona, ikaingia ukumbi mkubwa, na watu mia tatu wakainuka kwa pamoja, wakamwacha Daktari Rozental na picha zake, wakaja mbio wakikanyagana hadi mlango wa chumba chetu ukang'oka bawaba, na Daktari mwenyewe akiwa mbele yao, machozi yanamtiririka, akapiga magoti mbele ya sinia akasema kwamba katika nchi arobaini alizozunguka hajawahi—

“Samaji,” anasema Milkabai nyuma ya kiti changu, amevaa miwani ya marehemu mume wake, “aliingia mtu mmoja, naye alikuwa anatafuta choo.”