Vigingi vya Dada Randa

Dada yangu tulimpa jina la Randa tangu utotoni, kwa sababu akikupitia kwa maneno unabaki mlaini. Ni seremala. Alifundishwa na baba yetu katika karakana hii hii ninamoandikia, na kwa miaka mingi wateja walioingia humu walimpita yeye wakaja kuniuliza mimi habari za milango, mimi ambaye hadi leo nikikata ubao hautoki umenyooka. Wakimgeukia yeye, ni kumwagiza stuli. "Mama, nitengenezee stuli ya jikoni." Alitengeneza stuli mpaka akaziota. Sina ugomvi na stuli, nimekalia moja sasa hivi, lakini kuna matusi huja yamevaa nguo za kazi.

Kisha akaja mzee mmoja mwenye ghorofa, maduka chini na ofisi juu, na uso wote wa jengo umetazama machweo. Kila alasiri jua lilikuwa likiingia mle kama lina mkataba wa kupanga, na wapangaji wa kweli walikuwa wanahama. Mzee alitaka kitu cha kuzuia jua bila kuzuia upepo. Dada akamwambia dawa yake ni luva za mbao: vibao virefu vilivyolazwa mshazari ndani ya fremu, kimoja juu ya kingine, mbele ya madirisha. Jua linakatika, upepo unapita, aliye ndani anaiona barabara na wa barabarani hamwoni. Mafundi wa ujenzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mbao nje ya ghorofa, tena za mwanamke! Lakini mzee naye alikuwa mkaidi, na wakaidi hujuana. Akampa kazi.

Dada hakupiga msumari hata mmoja. Kila kibao kinashikwa na vigingi vya mbao ngumu, ambavyo ukivigonga taratibu kwa nyundo ya mbao vinatoka. Kila kiangazi tunavivua vibao vyote, tunavileta karakana, tunavipiga msasa, tunavipaka mafuta, kisha tunavirudisha kila kimoja mahali pake. "Mbao ya nje ni kama mtoto," husema dada. "Usipoiogesha itakuaibisha mbele za watu."

Mwaka jana mzee aliugua, jengo likasimamiwa na mkwewe. Tulimwita Meneja kwa kuwa alipenda kuitwa hivyo. Kijana nadhifu, mwenye heshima zake. Kiangazi kilipofika alimpigia dada simu mwenyewe: "Mama, mwaka huu huji kuvivua vibao vyako?" Tukafurahi. Tukasema, huyu amelelewa.

Vibao vyote vilikuwa vimeshalala hapa karakana siku simu yake ilipoita tena. Mikono ya dada ilikuwa imejaa mafuta, nikamshikia.

"Mama, usivirudishe," alisema Meneja. "Tunataka jengo lionekane la kisasa, vioo vitupu. Hizo mbao kaa nazo, ni zako. Tengeneza stuli."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu alitusindikiza mpaka mlangoni, tena ametubebea mizigo.

Nilimtazama dada nikidhani atalia, maana mimi nilikuwa karibu. Zile luva ndizo kazi pekee aliyowahi kuisimamisha mtaani, ikaonwa na kila mpita njia. Hakulia. Alisema, "Angeleta watu wake wakaving'oa, ningemwelewa. Amengoja nivivue kwa mkono wangu mwenyewe." Akarudi kupaka mafuta.

"Sasa unapaka vya nini tena, dada?"

"Vya kurudi."

Nilipita kule alasiri moja kuchungulia. Daktari wa meno wa ghorofa ya kwanza alikuwa na mgonjwa aliyefumba macho na kufumbua mdomo, jua limempiga usoni kana kwamba ndilo linalomng'oa jino. Meneja mwenyewe alikuwa ofisini kwake na miwani myeusi, amebandika maboksi dirishani. Nikakimbia kumpelekea dada habari hizo tamu. Hakuzitaka. "Hata wangekuwa wamepoa kama samaki wa barafu," alisema, "vingerudi."

Nikamshauri basi tuchukue misumari na gundi, tuvikaze moja kwa moja, asiweze kuvitoa mtu.

"Nikivipiga misumari nitakuwa nimemwogopa," alisema. "Na mwakani nitaviogeshaje?"

Tulikwenda asubuhi ya siku ya kazi, watu wote wakituona. Mlinzi alitutazama, akaitazama mizigo, akasema yeye leo macho yanamsumbua. Tukaanza juu. Tulipokuwa safu ya pili, daktari wa meno alitoka na glavu zake mikononi, akashika ncha ya kibao bila kuulizwa. Akafuata muuza viatu wa chini. Baada ya hapo vibao vilipanda ngazi kwa mikono ya watu, mimi nikabaki kuelekeza tu, kazi ninayoiweza.

Meneja alifika tumebakiza safu ya mwisho. "Nani amekupa ruhusa?"

"Baba mkwe wako. Na hajaniambia niache."

"Mzee hayupo kazini tena!"

"Mimi bado nipo," dada alijibu, akagonga kigingi.

"Nitaving'oa vyote! Leo hii!"

Dada alimaliza safu yake kwanza. Kisha akashuka, akajifuta mikono, akamwekea nyundo ya mbao kiganjani. Naye akaipokea, nadhani kwa adabu tu.

"Kigingi cha kwanza ni kile cha chini, kushoto," alimwambia. "Kigonge kwa nyuma, taratibu, kitatoka. Vitoe vyote, mwanangu. Ila utavitoa kwa mkono wako, watu hawa wakikutazama. Mkono wangu hutautumia tena."

Wapangaji walikuwa wamejaa mlangoni. Mgonjwa wa meno, pamba ikiwa bado mdomoni, alikuwa katikati yao. Hakuna aliyezomea, na ingekuwa nafuu kwake wangezomea. Meneja alisimama na ile nyundo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Dada hakungoja kuona atafanya nini. Aliinua upande mmoja wa ngazi, mimi nikainua wa pili, tukaondoka.

Hakuna kibao kilichoguswa. Kiangazi hiki tuliporudi kuviogesha, mlinzi alitutolea ile nyundo kutoka chini ya meza yake. Dada akaipokea, akaenda kwenye kigingi cha chini, kushoto, akaanza kuvivua.