Sauti Iliyowekwa Stoo ya Salfa

Saa tatu asubuhi mjini Masasi, milima ya mawe bado ina unyevu wa usiku. Ndani ya kibanda cha bati nyuma ya stendi, Hamida Mnavila ameshika kijisanduku cheusi kiganjani na anakigeuza taratibu kama mtu anayekagua yai. Hakichomeki kwenye kompyuta. Kwanza anakinusa.

"Salfa," anasema.

Kijisanduku hicho ni diski ya kubebeka, ile inayounganishwa na kompyuta kwa waya. Aliyekileta ni Nurdini Likomba, mkulima wa korosho aliyeshuka kutoka Newala na gari la alfajiri. Amekaa ukingoni mwa benchi, baraghashia yake mapajani.

"Baba Ziada, ilikuwa inakaa wapi?" Hamida anauliza.

"Stoo, mwanangu."

"Stoo ya salfa?"

"Ndicho chumba chenye kufuli."

Hamida anakiweka kijisanduku mezani. Majibu kama hayo ameyasikia mara nyingi. Katika nyumba nyingi za ukanda huu, chumba chenye kufuli ndicho kinachohifadhi vitu vya thamani, na msimu wa kupuliza mikorosho ukikaribia hakuna cha thamani kuliko mifuko ya salfa. Unga ule wa njano unaookoa maua ya mkorosho hula shaba polepole. Cheti cha ndoa kitapona humo, na kitenge kipya pia, lakini diski haiponi.

"Halafu ukungu wa kwetu ukazidi," Nurdini anaendelea kwa sauti ya mtu anayeungama. "Nikaona imepata ubaridi. Nikaianika."

"Uliianika diski?"

"Pembeni ya makopa ya muhogo. Jua dogo tu."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Hamida anacheka, na mzee naye anacheka kidogo. "Basi leo tungeitwanga tukala ugali," Hamida anasema. Kisha kicheko kinaisha, maana wote wawili wanajua kilichomo ndani.

Ziada, binti pekee wa Nurdini na mkewe Zena, alifariki mwezi uliopita kwa maradhi ya figo. Jumamosi hii ni arobaini yake. Simu yake ya kupangusa, iliyokuwa na sauti na video zake, iliuzwa akiwa bado kitandani ili zipatikane fedha za dawa, na aliyeinunua alifuta kila kitu siku hiyo hiyo. Mpiga video wa sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa alishahama mkoa, na kazi zake za zamani hanazo tena. Iliyobaki pekee ni nakala aliyoiacha kwenye diski hii. Humo Ziada anashika kipaza sauti na kuwashukuru wazazi wake.

"Mama yake ananiambia anaanza kuisahau sauti," Nurdini anasema. "Sura anaiona, picha zipo. Sauti inamtoka."

Hamida, maarufu kama Mama Lukmani, ana miaka thelathini na sita. Hakusomea kompyuta. Alianza kwa kuuza nyimbo kwenye kibanda hiki hiki, akiwajazia vijana wa bodaboda kadi za simu. Diski yake mwenyewe ilipokufa na nyimbo zote, alianza kuuliza, kusoma na kujaribu, hadi akajua kupima diski kabla haijafa. Kupima ni shilingi elfu mbili. Kuna siku hapati mteja hata mmoja.

"Shida ya kazi hii, mtu haji diski ikiwa nzima," anasema. "Anakuja imeshaanza kugonga ndani, inakufa. Mimi kazi yangu imekuwa kama ya kutoa taarifa za msiba."

Kwa bisibisi ndogo anafungua ganda la diski. Chini ya kibao cha umeme, vishikizo vya shaba vimepiga weusi. Anavisugua kwa ufutio wa penseli, kisha kwa pamba yenye spiriti, kimoja baada ya kingine. Hana haraka. Nurdini anamwangalia kama anayemtazama mtu anayesafisha kidonda.

Anachomeka waya. Diski inaanza kuzunguka, na Hamida anainamisha sikio. Kwenye kioo, programu yake ya kupimia inafunguka. Diski isiyo na hitilafu huonekana kwa rangi ya bluu. Hii ni ya njano.

"Njano ndiyo nini?" Nurdini anauliza.

"Njano ni kwamba iko hai lakini inachoka. Umeona hii namba? Hivi ni vipande ambavyo imeshindwa kuvisoma, ikavitenga." Anasubiri kidogo, kisha anapima tena. Namba imepanda. "Na inaendelea kuvitenga tukiwa tunaongea."

Hapo anafanya jambo analomfanyia kila mteja. Anaizima. Anageuza kiti ili waangaliane, na anaeleza njia zilizopo. Dar es Salaam kuna wataalamu wanaofungua diski ndani ya chumba kisicho na vumbi. Anapiga simu mbele ya mzee, anauliza bei, anaweka spika ili asikie mwenyewe. Bei hiyo inazidi alichopata Nurdini kwa korosho zote za msimu uliopita.

"Njia ya pili ni mimi kunakili hapa hapa," Hamida anasema. "Inaweza kutoa yote, inaweza kutoa robo. Inaweza kufia mkononi mwangu. Ikifia mkononi mwangu, hata Dar wanaweza wasiipate tena. Sitaki uniambie ndiyo kwa haraka, Baba Ziada."

Nurdini anatoka nje. Anasimama karibu na muuza mihogo ya kuchoma, hanunui. Anaporudi anasema neno moja: "Endelea."

Faili zimepewa namba tu, hazina majina. Kuzifungua ili kutazama ni kuichosha diski zaidi, na Hamida ana sharti ambalo halivunji: nakili kwanza, tazama baadaye. Wanampigia Zena nyumbani Newala.

"Shikamoo, Mama Ziada. Alishika kipaza sauti wakati gani?"

"Marahaba. Mwishoni, baada ya keki. Kabla shangazi zake hawajaanza kucheza." Zena anajibu bila kusita, kisha anauliza, "Inapona?"

"Bado sijajua, mama."

Faili ya mwisho mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Hamida anaanza na hiyo. Mstari wa kijani unasogea, unasimama, unasogea tena. Nurdini amesogeza benchi hadi magoti yake yanagusa meza. Nje, kondakta anaita abiria wa Tunduru na mtu anamtania kwamba gari lake halina breki wala aibu.

Mstari unafika karibu nusu. Diski inatoa mlio mdogo, kama ukucha juu ya sahani. Mlio wa pili unafuata, kisha mwingine na mwingine. Dirisha la faili linajifunga lenyewe.

Hamida anachomoa waya. Anaiacha ipoe, anajaribu tena. Safari hii inafunguka kwa muda mfupi, na anawahi kuchukua faili ndogo kabisa iliyo juu ya orodha. Baada ya hapo diski inagonga tu. Anajaribu waya mwingine, kisha kompyuta nyingine, kisha anaacha. Anaiweka juu ya kitambaa na kukunja mikono.

"Imekwenda," anasema.

Faili kubwa iliyonakiliwa nusu inakataa kufunguka. Ile ndogo inafunguka. Ni video fupi ya nyuma ya jiko: masufuria ya pilau, moshi, wanawake wamejifunga kanga wakibishana kuhusu chumvi. Nurdini mwenyewe anapita akiwa amebeba viti. Kisha, nje ya picha, sauti ya msichana inasema: "Mwambieni baba aache viti, vijana wapo!" Mtu anacheka. Video inaisha.

Nurdini anaomba irudiwe. Irudiwe tena. Machozi yanamtoka bila sauti, na anayaacha.

"Nilikataa," anasema. "Niliendelea kubeba."

Anamwomba Hamida ampigie mkewe. Hamida anaweka simu kwenye spika, anaisogeza karibu na kompyuta na kuicheza video. Wanaisikiliza wote watatu, wawili Masasi na mmoja Newala.

Kisha Zena anasema, kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa: "Baba Ziada, huyo ni Sabina."

Sabina ni binti wa jirani yao. Alikuwa mpishi msaidizi siku ile, na mtaa mzima watoto humwita Nurdini baba.

Mzee anafuta uso kwa baraghashia. "Najua," anasema.

"Unajua?"

"Nimejua tangu mara ya kwanza." Anaangalia kioo ambapo moshi wa jiko umesimama. "Lakini Ziada alikuwa pale pale, Mama Ziada. Alikuwa hapo karibu, amekaa anasukwa. Nilitaka tu iendelee kuwa kama ni yeye anayeniambia."

Simu inakatika. Haijulikani kama ni mtandao au ni Zena.

Hamida hachukui malipo ya kunakili, na Nurdini hataki ya kupima yarudishwe. Wanabishana kidogo kuhusu hilo kwa adabu, kisha wanaacha. Hamida anaifunga diski ndani ya mfuko mkavu na kumwambia asiitupe, ingawa hamwahidi kitu. "Nikimwahidi nitakuwa namuuzia uongo," Hamida anasema baada ya mzee kuondoka. "Lakini kumwambia akaitupe, mdomo wangu haukuweza."

Kuna jambo amekuwa akilipanga. Anataka aende kwenye mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika, pale wakulima wanapokusanyika kugawiwa salfa, aombe nafasi ya kusema: ukipokea salfa, toa diski stoo, nakala ziwe mbili, nyumba mbili. Katibu wa chama kimoja alimkubalia, akampa nafasi mwisho kabisa wa mkutano. Ilipofika zamu yake watu walikuwa wameshabeba mifuko yao na kuondoka. Walibaki wanne, na mmoja wao alikuwa amesinzia.

"Nitarudi tena," anasema. "Sijui kama watanisikia. Labda mmoja."

Kuhusu Jumamosi, siku ya arobaini, ameshaamua. Atafunga kibanda, apande Newala na gari la kwanza. Ameulizwa kama atabeba kompyuta ili watu waione ile video ya jikoni. Anatikisa kichwa.

"Nitabeba kisu na kanga ya pili," anasema. "Pale watahitaji mtu wa kumenya vitunguu."